Kocha Anajibu: Dojo Kisiwani, Wanafunzi Watatoka Wapi?

Mwezi huu barua za dojo, yaani kumbi za kufundishia karate, judo na michezo kama hiyo, zimenijaa, na karibu zote zimetoka kwa watu wa visiwani, sijui mmeambizana, basi safu nzima ya leo ni yenu. Wale mlioniuliza mambo ya gym na kupunguza tumbo vumilieni mpaka toleo lijalo. Barua nimezifupisha kidogo ila maneno ni ya wenyewe.

SWALI: Habari kocha. Mimi nina mkanda mweusi wa karate, dani ya kwanza (daraja la kwanza la mkanda mweusi), nimekuwa mwalimu msaidizi mjini kwa miaka kadhaa na sasa nimerudi kisiwani kwetu moja kwa moja. Kisiwa ni kidogo, tuko kama watu 3,000, shule ya msingi moja, sekondari moja, boti inakuja hali ya hewa ikiruhusu. Dojo hakuna. Nina akiba yangu na kuna ghala tupu karibu na gati, mwenye nalo yuko tayari kunipangisha ila anataka mkataba wa mwaka. Nataka kitu cha maana, mati, vioo, mabegi ya kupiga, bango kubwa nje. Wenzangu wananiambia nichangamke kabla mtu mwingine hajaniwahi. Unanishaurije? — *Mkanda Mweusi*

JIBU: Mkanda Mweusi, karibu nyumbani, na kwanza tulia, hakuna anayekuja kukuwahi. Kisiwa cha watu 3,000 hakina wateja wa dojo mbili na pengine hakina hata wa dojo moja ya namna hiyo unayoiota.

Tupige hesabu. Tuseme kwenye kila watu 100 wawili wanakuja kujaribu ndani ya mwaka wa kwanza, na hapo nimekupendelea. Hao ni 60. Nusu yao wataacha hata kabla ya mkanda wa kwanza, sio kwamba wewe mbaya, ndo ilivyo kila mahali, mtu anakuja wiki tatu anagundua magoti yanauma na mambo hayaendi kama kwenye muvi. Umebaki na 30. Sasa mjini ulikokuwa, wale walioacha unawasahau, mwezi ujao wanaingia wengine kutoka mtaa wa pili. Kisiwani mtaa wa pili ni bahari. Aliyeacha kaacha, mnakutana gatini kila siku, na mdogo wake nyumbani kashasikia kwanini kaacha, na mama yake kashawasimulia kina mama wengine. Kwahiyo mipango yako yote ifanye kwa kuwaangalia wale watakaobaki, hawa wapya watakwisha mapema kuliko unavyodhani.

Tuje kwenye ghala. Usisaini mwaka. Kama mwenye nalo hataki miezi mitatu ya majaribio basi achana nalo, halina mpangaji mwingine, litakusubiri. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 alikuwa na wanafunzi 9 na nafasi ya tatami 12, yaani mikeka minene ya Kijapani, ndani ya hekalu la Eishoji pale Tokyo, hizo ni kama mita 20 za mraba tu, na hiyo ndo judo iliyokuja kuingia Olimpiki mwaka 1964. Hakuwa na vioo wala bango. Wewe una kitu bora zaidi ya ghala, una shule mbili, na shule zina ukumbi au darasa kubwa ambalo jioni limelala tu. Nenda kaongee na mwalimu mkuu.

Na hapa sikupeleki mbali na mchezo wako, maana karate yenyewe imetoka kisiwani, Okinawa huko Japani. Zamani ilifundishwa kwa watu wachache, kimyakimya, mpaka mwalimu wa karate Anko Itosu alipoiingiza kwenye shule ya msingi mwaka 1901. Alichofanya ndo cha kuiga: hakuchukua kata (mfululizo wa miondoko ya karate iliyopangwa) ndefu za watu wazima akawabebesha watoto, alitengeneza kata 5 fupi, Pinan, ambazo wengine mnaziita Heian, halafu mwaka 1908 akaandika barua yenye vipengele 10 kuwaeleza wakubwa wa serikali karate ina faida gani. Yaani aliandika barua ya maombi kama utakayoandika wewe. Na mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, huyo mnayemwekea picha ukutani, alikuwa mwalimu wa shule kwa zaidi ya miaka 30 na karate akaifanya pembeni, Tokyo alikwenda kuionyesha mwaka 1922 akiwa ameshapita miaka 50. Kwahiyo na wewe usiache kazi. Dojo ya watu 30 haimlishi mtu na familia yake, na ukiitegemea ikulishe utaanza kuwabana wanafunzi, na ukiwabana wataondoka.

Vifaa sasa. Mabegi ya kupiga subiri, vioo sahau kabisa, hela weka kwenye mati. Kwa karate yenye sparingi (kupigana kwa mazoezi) nyepesi mati za kuunganisha za unene wa sentimita 2 zinatosha, ila kama utafundisha kurushana au hata kuanguka tu tafuta za sentimita 4. Kabla hujaagiza uliza nauli ya boti, maana povu ni jepesi lakini linakula nafasi na wenye boti wengi wanakutoza nafasi sio uzito, watu wamewahi kulipa usafiri kuliko bei ya mati zenyewe. Zikifika usizilaze kwenye saruji ukaziacha hapo. Hewa ya baharini ina unyevu na chumvi, juu utaona mati safi kabisa inang'aa, nyanyua kona moja baada ya wiki chache ukute chini kuna madoa meusi ya ukungu na ile harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Kila baada ya mazoezi wanafunzi wazibandue, wazifute, wazisimamishe ukutani upepo upite pande zote mbili. Hiyo dakika kumi ya kubandua ndo sehemu ya darasa, watoto wanaipenda kuliko kata. Chochote cha chuma, cheni ya begi, ndoano, bawaba za kabati, kague kwa mkono sio kwa macho, kutu inaanzia ndani ya pete za cheni pale usipoona na siku ikikatika inakatika na begi la kilo arobaini.

Ngozi pia, watu wanalisahau hili. Kwenye joto na unyevu fangasi wanapenda mati, akija mtoto mmoja na duara la fangasi mkononi ndani ya muda mfupi unao sita. Kague mikono na shingo kabla ya darasa, bila kumtangaza mtu. Kwenye mieleka ya mashule Marekani kanuni yao ni angalau saa 72 za kutumia dawa ndo mtu arudi kama fangasi wako mwilini, wakiwa kichwani siku 14 za dawa. Unaweza kuichukua kama ilivyo, ila dawa yenyewe aseme mtu wa afya.

Ratiba. Hapa watu wanaotoka mjini wanafeli sana, unaweka Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni halafu unashangaa watu wazima hawaji. Anayefanya kazi baharini hajui Jumanne, anafuata maji, na saa za maji kujaa na kupwa zinasogea kama dakika 50 kila siku, wiki hii jioni yuko huru wiki ijayo jioni hiyohiyo yuko majini. Usimwite mvivu. Weka vipindi viwili vya watu wazima, kimoja asubuhi mapema kimoja jioni, mafunzo yaleyale, achague mwenyewe kila wiki, ada moja. Watoto wao wabaki na siku na saa zilezile bila kubadilisha hata wakija watatu, hata mvua ikinyesha. Ukiahirisha mara mbili mfululizo wazazi wanakutoa kichwani.

Halafu kuna jambo la vijana. Wenye miaka 15 mpaka 17 ndo watakuwa bora darasani, wana nguvu, wanakuja mapema, wanakusaidia na wadogo, utawapenda kuliko wote, na wakimaliza shule wataondoka kwenda bara kusoma na kutafuta kazi, na ni haki yao. Dojo nyingi za visiwani zinakufa hivo, mwalimu kajenga juu ya vijana wanne, mwaka mmoja wote wanne wameshapanda boti. Msaidizi wako wa kwanza mtafute kwa watu wenye mizizi hapo, nesi wa zahanati, mwalimu wa shule, mama mwenye watoto wawili darasani kwako ambaye anakaa kwenye benchi anasubiri. Huyo mama hasa, mwambie avue viatu aingie. Na wazee msiwadharau, Sweden na nchi nyingine za Ulaya kuna makocha wa judo wanawafundisha wazee namna ya kuanguka bila kuvunjika na namna ya kuinuka kutoka chini, darasa la taratibu kabisa, mchana, wakati ukumbi hauna mtu. Kisiwa kikibaki na wazee na watoto, basi wanafunzi wako ni wazee na watoto.

La mwisho kwako, na hili ndo sitaki ulipite haraka. Ulinzi wa watoto. Najua utaniambia kisiwani wote tunajuana, kila mtoto ni wa ndugu yangu au wa jirani. Ndo maana inakuwa ngumu. Mjini mzazi akiona kitu hakipo sawa anamtoa mtoto na kwenda kulalamika kwa mtu asiyemjua, huku kwenu wa kulalamikiwa ni shemeji yake mwalimu, kwahiyo mtu anameza, na mtoto naye anaona watu wazima wote ni upande mmoja. Kwahiyo weka kanuni mapema wakati hakuna aliyetuhumiwa kitu, ili zisimguse mtu: watu wazima wawili kila darasa la watoto, mlango wazi, hakuna mafunzo ya faragha ya mtoto mmoja, hakuna kumtumia mtoto meseji binafsi, kila tangazo liende kwenye grupu la wazazi. Msaidizi yeyote hata kama mmekua naye pamoja aulizwe kuhusu alikotoka na kwanini aliacha kufundisha kule. Na ubandike ukutani namba mbili za kupokea malalamiko, moja ya mtu wa kisiwani ambaye sio ndugu yako wala mkeo, nyingine ya mtu wa nje ya kisiwa, iwe ya chama chako au ya ustawi wa jamii. Kuna atakayekasirika akiona hiyo karatasi, mwache akasirike.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mume wangu anafundisha taekwondo kisiwani kwetu mwaka wa pili huu, watoto 25. Wanaolipa hawafiki 10. Wengine ni watoto wa ndugu zake, wengine wa majirani, wengine wanasema mwezi ujao. Yeye anaona aibu kudai. Mimi ndo ninayejua hela ya nyumbani inakwenda wapi. Nifanyeje bila kumvunja moyo na bila kugombana na watu? — *Mke wa Mwalimu*

JIBU: Dada yangu pole, na usimlaumu sana, kumdai mtu ambaye kesho utamwomba akuvushe na boti yake sio kitu chepesi.

Kosa lipo kwenye mfumo. Mtu anayefundisha asishike hela, basi. Tafuteni mzazi mmoja mwenye msimamo, anayeheshimika, ambaye mtoto wake analipa, awe mweka hazina, yeye ndo akusanye na yeye ndo aandike kwenye daftari ambalo mzazi yeyote akitaka analiona. Mume wako akiulizwa aseme "mwone mweka hazina" na arudi kwenye mateke yake. Utashangaa, watu wanaoshindwa kumlipa rafiki yao wanalipa chama bila shida.

Pili acheni ada ya kila mwezi. Kisiwani hela haiji kila mwezi, inakuja kwa msimu, wa uvuvi au wa wageni au wa mavuno. Wekeni ada ya muhula inayolipwa wakati ambao mnajua hela ipo mikononi mwa watu, na anayetaka kuigawa aigawe mwenyewe kwa makubaliano na mweka hazina.

Na wale wasio na uwezo kweli? Wapo, na wabaki, ila msiwape bure kwa siri, siri kisiwani haipo, wiki moja tu kila mtu anajua na wanaolipa wanajiona wajinga. Andikeni wazi kwamba kuna nafasi kadhaa za kulipa kwa kazi, kubeba mati kutoka botini, kushona sare zilizochanika, kusafisha ukumbi, kutengeneza paa. Wapwa zake nao wanaingia kwenye kanuni hiyohiyo, na hapa shemeji yangu akaze uso kidogo, ndugu wakiona wanaweza kupita bure majirani nao wanajiita ndugu.

Kitu kimoja nakuomba umzuie. Mwalimu akibanwa na hela anaanza kuongeza mitihani ya mikanda, mkanda wa njano, njano yenye mstari, njano yenye mistari miwili, kila mmoja na ada yake. Mikanda ya rangi sio dhambi, ilianza kutumika sana Ulaya kwenye judo, mwalimu Mjapani Mikinosuke Kawaishi aliisambaza Ufaransa miaka ya 1930 ili mwanafunzi apate hatua za karibu za kukimbilia. Ila wazazi wa kisiwani wanahesabu, na wakishahisi mtoto wao ananunua rangi mmekwisha. Mtihani mmoja au miwili kwa mwaka, mtahini atoke nje ya kisiwa ili mume wako asiwe ndo anayempitisha mtoto wa dada yake, nauli igawanywe kwa wote, na msitangaze siku, tangazeni wiki, maana boti isipokuja Jumamosi mtafanya Jumatatu na hakuna atakayejiona kadanganywa.

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 22, mkanda wa kahawia wa judo. Mwalimu wetu alihamishwa kikazi kwenda bara na hajarudi. Tumebaki watu wazima 6 tunafanya mazoezi wenyewe, tunaangalia video kwenye simu. Sasa wazazi wananiomba nifundishe watoto wao. Je naruhusiwa? Tunaweza kujiita klabu? — *Kahawia*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nyie ni kikundi cha mazoezi chini ya mwalimu wenu aliyeko bara, na hivo ndo mjiite mpaka shirikisho la judo la nchi yenu liwape usajili. Mwandikie mwalimu wako leo, mwambie mnataka abaki kuwa mwalimu wa kikundi kwenye karatasi, kila mwezi mnamtumia video fupi ya kila mtu akifanya mbinu mbili anawarekebisha, na likizo mnamchangia nauli aje. Walimu wengi wanakubali, wanaumia wakiona walichojenga kinakufa. Halafu uliza shirikisho kuhusu kozi ya kocha wa ngazi ya chini na bima, nchi nyingi mkanda wa kahawia anaruhusiwa kusaidia kufundisha ila sio kusimama peke yake.

Video sizikatai, lakini video haioni goti la mwenzio linapoingia vibaya. Tumieni video kwa kitu ambacho mlishafundishwa na mmekisahau, sio kwa mbinu mpya ya kurusha ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kurushwa nayo na mtu anayeijua.

Kuhusu watoto nitakuwa mkali kidogo. Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kwenye judo ya mashuleni kuanzia mwaka 1983 mpaka karibu 2010, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wengi walikuwa bado wageni kwenye mchezo. Mbinu iliyotajwa sana ni osoto-gari, ile ya kumfagia mtu mguu kwa nyuma akaanguka chali, mtoto asiyejua kukunja kidevu kisogo kinatangulia. Nchi nyingine hazikuwa na vifo kama hivo, kwahiyo shida haikuwa judo, ilikuwa namna ya kufundisha, mtoto mdogo kurushwa na mkubwa tena akiwa kachoka, na mwalimu anaona ndo kukomazwa.

Kwahiyo ukipata ruhusa ya mwalimu wako, muhula wote wa kwanza fundisha ukemi, yaani namna ya kuanguka bila kuumia. Kuanguka ukiwa umelala, ukiwa umechuchumaa, ukiwa umepiga magoti, ndo baadae umesimama. Simama pembeni mtoto anapoanguka chali uangalie kidevu chake, kama kimeachana na kifua mrudishe hatua moja, usimpe moyo kwamba atazoea. Michezo ya chini wanaweza kuanza mapema, osaekomi yaani kumbana mwenzio chini asiinuke, kugeuzana, kutoroka, watoto wanaifurahia na hakuna mtu anayeanguka kutoka juu. Kukaba shingo na mbinu za kubana kiwiko hapana kabisa kwa watoto. Na wapange kwa uzito na uzoefu, ukiwa na watoto 8 tu wa rika zote kama ilivyo kisiwani kuna siku mtoto mmoja atakosa mwenza wa saizi yake, siku hiyo mwenza wake ni wewe.

Mashindano yasikupe presha. Shirikisho la judo la Japani mwaka 2022 lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi kwa sababu makocha na wazazi walikuwa wanawasukuma kupita kiasi. Kama Japani wamefuta, wewe una haraka ya nini.

SWALI: Kocha, mwanangu wa miaka 11 alipigwa teke la kichwa kwenye sparingi, akawa kama kazubaa, akasema kichwa kinauma. Mwalimu akampa maji akamrudisha ulingoni, akasema ni kawaida. Kesho yake kaenda tena. Hospitali iko ng'ambo. Mimi ndo mwenye wasiwasi tu au? — *Mama wa Kijana*

JIBU: Mama, wasiwasi wako ndo sahihi na mwalimu kakosea. Akigongwa kichwa akazubaa, akalalamika kichwa au kizunguzungu, siku hiyo mchezo umeisha kwake, hakuna cha kumpa maji na kumrudisha. Kama wakati unasoma hapa bado kichwa kinamuuma au ana mabadiliko yoyote mpeleke akaonwe. Na hizi hazisubiri kesho hata kama bahari ni mbaya: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi ambao humwamshi vizuri, kuchanganyikiwa, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kukosa nguvu.

Kurudi kwenye mchezo ni hatua kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, kwanza shughuli za kawaida na masomo, halafu mazoezi mepesi ya kutembea, halafu mazoezi ya peke yake, na kugusana na mwenzie kunakuja mwisho baada ya daktari kukubali. Dalili zikirudi anarudi nyuma hatua moja.

Sasa walimu wote mnaosoma hapa, hili ni lenu kuliko la mama. Dojo ya kisiwani lazima iwe na karatasi ya usiku: boti ya nani inatoka usiku, namba yake na ya mwenzie asipopatikana, mafuta yanakaa wapi na nani ana ufunguo, zahanati nani yupo zamu. Jaribuni siku moja bila dharura, mpigie mwenye boti saa nne usiku muone anachukua muda gani mpaka injini iwake. Mkishajua hilo jibu wenyewe mtapunguza mateke ya kichwa kwa watoto, na mimi ningeyafuta kabisa.

SWALI: Kisiwa chetu kuna mimi wa karate na jamaa wa judo. Watoto ni walewale tunagombania, juzi kasema karate ni kucheza ngoma. Nimjibuje? — *Mwenye Hasira*

JIBU: Usimjibu. Mwaka 1947 kule Oahu, Hawaii, mtaa wa Palama, walikuwepo jamaa watano, kila mmoja na mchezo wake, karate, judo, jujitsu, kenpo na ndondi za Kichina. Wakawa wanakutana kufanya mazoezi pamoja, kila mmoja anaonyesha udhaifu wa mwenzie kwa vitendo, na kilichotoka hapo ni kajukenbo ambayo mpaka leo inafundishwa nchi nyingi. Sisemi mwanzishe mchezo mpya, nasema nyie wawili mna watoto walewale, ukumbi uleule na boti ileile ya kubeba mati. Yeye awafundishe wako kuanguka, wewe uwafundishe wake kusimama kwa umbali na kukwepa, siku zigawanyeni, mtoto achague moja au zote mbili kwa punguzo. Mati mnunue pamoja za sentimita 4, yeye anazihitaji na wewe hazikudhuru. Yeye alipe mati wewe ulipe nauli, au kinyume chake, ila andikianeni.